Kupanda Amani kwa miguu: mwongozo kamili wa kuisoma miti ya Usambara Mashariki

Ukitoka Muheza kwenda Amani, hifadhi ya msitu iliyo juu ya milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, msitu wa kwanza kuuona si msitu wa Usambara. Ni misaji ya Longuza, iliyopandwa kwa mistari kwa ajili ya mbao, na asili yake ni Asia. Ukizidi kupanda utakutana na chai, mikaratusi, na iliki iliyopandwa kivulini. Hata ndani ya hifadhi, miti mingi mirefu iliyo kando ya barabara ni wageni waliofika enzi za Wajerumani, au ni watoto wa wageni hao. Wengi huipiga picha, wakashuka Tanga jioni wakiamini wameuona msitu wa asili.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuiona miti yenyewe ya Usambara: mtambara, msambu, mnyasa, mbula na wenzao. Si kazi ngumu, ila ina utaratibu wake, na unaanza kabla hujafunga viatu.

1. Chagua majira, kisha chagua saa

Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima, hupoa na kumwaga maji yake hapo, ndiyo maana hata miezi tunayoiita mikavu huwa na manyunyu. Masika, yaani Machi hadi Mei, yaache. Barabara inayopanda kutoka Sigi, kwenye lango la hifadhi, ina kona nyingi na hugeuka matope, na njia za miguu huteleza vibaya. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inavumilika kama huogopi kulowa.

Kunabaki vipindi viwili. Juni hadi Septemba kuna ubaridi na ukungu, lakini njia ni nzuri. Januari na Februari kuna joto zaidi na mwanga mwingi. Mimi nachagua Januari na Februari bila kusita, kwa sababu ndicho kipindi cha kuyakuta matunda ya msambu chini ya mti, na msambu bila tunda lake ni mti wa kawaida tu machoni pa mgeni.

Kuhusu saa, usimfuate mtu anayekuja kutazama ndege. Yeye ataingia msituni alfajiri na ana sababu zake. Wewe unahitaji mwanga unaofika chini, na chini ya miti ya mita 40 mwanga huo haupo saa kumi na mbili asubuhi, achilia mbali ukungu. Ingia saa tatu. Ukifika saa tisa alasiri anza kurudi, maana ndani ya msitu giza huwahi kuliko nje.

2. Kibali na mwongozaji

Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iliyotangazwa mwaka 1997 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kuna kiingilio, na viwango vya raia na vya wageni kutoka nje vinatofautiana. Uliza viwango vya sasa kabla ya safari, ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti uiweke karibu kwa sababu utaulizwa zaidi ya mara moja. Lango liko Sigi, mahali palipokuwa kituo cha mwisho cha reli ndogo iliyotoka Tengeni kuja kubeba magogo. Nyumba ya mkuu wa kituo bado ipo na hutumika kwa kupokea wageni.

Mwongozaji mchukue, hata kama wewe ni mtu wa porini. Ila chagua. Wapo wanaojua ndege, wapo wanaojua historia, na wapo wanaojua miti. Wengi wao wamekulia vijiji vya hapo hapo, na mzee aliyewahi kuwabebea watafiti mizigo anaweza kujua miti kuliko kijana mwenye kitambulisho kipya. Swali dogo linatosha kumpima: "Mzee, mfimbo na mtambara unavitofautishaje?" Anayejua atakuambia habari za gome, harufu na utomvu. Asiyejua atakuonyesha juu kwa kidole.

Majina ya Kisambaa, Kibondei na Kiswahili huchanganyika, na mti mmoja huweza kubadilika jina ukivuka bonde. Andika jina unaloambiwa pamoja na mahali ulipoambiwa. La kitaalamu utalitafuta jioni.

3. Vya kubeba

Viatu vyenye meno, soksi ndefu za kuingizia suruali, koti la mvua, maji, darubini ndogo, daftari na penseli (kalamu ya wino hugoma karatasi ikilowa). Gambuti ni nzuri kwa matope na mbaya kwa mteremko. Kioo cha kukuzia ukiwa nacho beba. Panga liache nyumbani.

Kabla ya kuingia, piga mswaki nyayo za viatu vyako. Hili si la usafi. Kando ya njia za Amani kuna kichaka chenye majani ya vinyweleo na mishipa iliyojikunja, *Clidemia hirta*, kilichotoka Amerika ya tropiki. Mbegu zake ni ndogo sana, husafiri na matope, na kimejaa njiani kuliko ndani ya msitu. Wapitanjia tunachangia kukisambaza.

4. Panga njia ya siku mbili

Siku moja inatosha kwa picha, haitoshi kwa miti. Sigi iko karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari, Amani penyewe karibu 900, na kati ya hapo msitu hubadilika. Siku ya kwanza baki chini, katika njia za Sigi na ukingo wa Mto Zigi, ule ule unaolinywesha jiji la Tanga. Hapa ndipo pa mvule wenye gome la kukwaruza na utomvu mweupe, na mgude ambao shina lake laini lenye rangi ya kufifia huonekana toka mbali likipanda bila tawi. Hii ni miti ya misitu ya nyanda za chini, ukipanda itakuacha njiani.

Siku ya pili panda. Kilima cha Mbomole ni kifupi na kinafaa kwa anayeanza. Kwamkoro kuna msitu mnene zaidi, na kama una muda wa sehemu moja tu ya juu, nenda huko.

5. Anza na chini ya mti, si juu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Mgeni akifika kwenye mti mkubwa huinua kichwa kutazama majani. Atayaona, lakini hajui ni ya nani. Juu kule kuna majani ya mti, majani ya mtambaazi ulioupanda, majani ya mkuyu unaonyonga ulioota kwenye panda la tawi, pamoja na jirani wawili walioingiza matawi yao. Tena majani ya misitu ya mvua hufanana: mengi ni ya umbo la yai refu, yanang'aa, na yana ncha iliyochongoka ya kudondoshea maji. Mimea ya koo tofauti kabisa imefika kwenye umbo lile lile kwa sababu ya mvua ile ile. Jani pekee litakupotosha.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu kwa kila mti, bila kuruka.

Simama mbali kiasi cha hatua kumi na utazame kitako. Shina linaingia ardhini likiwa mviringo? Limepanuka kidogo? Au limetoa mizizi mipana iliyosimama wima kama kuta, ya kukuzidi kimo? Katika udongo wa mlimani, ambao rutuba yake iko juu juu, mizizi hiyo huushikilia mti bila kwenda chini sana.

Sogea, tazama gome. Rangi hudanganya, kwa kuwa kuvu na ukungu wa kijani huifunika. Tazama muundo: laini, lenye mabamba yanayobanduka, lenye vidoa vya kupumulia, au lenye mifereji ya wima. Pitisha kiganja.

Tafuta utomvu na harufu. Usikwangue gome. Zunguka shina utafute jeraha la asili, tawi lililovunjika, au kitawi kibichi kilichoanguka usiku. Kivunje, ungoje kidogo. Mweupe, mwekundu, wa njano, au hakuna? Kisha sugua jani na unuse.

Sasa inama. Chini ya mti kuna majani, maganda, kokwa na maua ya kwake, pamoja na ya jirani zake. Namna ya kuyatenga ni kutembea: okota jani linalojirudia zaidi, kisha toka taratibu kwenye shina ukitazama kama linapungua. Likipungua, ni la mti wako. Likizidi, umekuwa ukimfuata jirani. Geuza jani uone tumbo lake, kwa sababu mgongo wa jani hung'aa kwa miti yote na tumbo ndilo lenye habari. Na miche iliyo chini usiiamini haraka. Jani la mche mara nyingi ni kubwa kuliko la mama yake, pengine hata lina meno ambayo mama hana.

Darubini itoe mwisho, ukishajua unatafuta nini huko juu.

6. Miti ya kuitafuta

*Mtambara* (*Cephalosphaera usambarensis*). Ukiona mti mmoja tu Amani, uwe huu. Ni wa jamii ya mkungumanga, hufika mita 50 na kuzidi, na shina lake hupanda limenyooka na kuviringika kiasi kwamba wapasua mbao waliutamani tangu zamani. Jeraha lake hutoa utomvu mwekundu. Katika ukoo wake mdogo, ule unaobeba jina *Cephalosphaera*, hakuna mti mwingine duniani: ni huu peke yake, na makao yake ni milima hii na michache ya mashariki mwa Tanzania. Utafute kwenye mabonde yenye unyevu.

*Msambu* (*Allanblackia stuhlmannii*). Nao ni wa milima ya Tao la Mashariki tu, yaani mlolongo wa milima ambao Usambara ni sehemu yake. Majani yake ni mazito, yameota mawili mawili yakitazamana. Tunda ndilo la ajabu: la rangi ya kahawia, refu hata kupita sentimita 30, la uzito wa kilo kadhaa, linaloning'inia kwa kikonyo. Ndani kuna mbegu zenye mafuta yanayoganda, ambazo wenyeji wamezikusanya miaka mingi kwa kupikia na kutengenezea sabuni. Panya buku nao huzifukia na kuzisahau, na hapo misambu mipya hupatikana. Misambu ya kiume na ya kike ni miti tofauti, kwa hiyo ukikuta mkubwa usio na hata ganda moja chini yake, si lazima uwe mgonjwa. Msimu wa matunda usipumzike chini yake. Nasema hili kwa uzito wote wa kilo hizo.

*Mnyasa* (*Newtonia buchananii*). Utaujua kwa mizizi mikubwa iliyosimama wima, na mara nyingi uko karibu na kijito. Ni wa jamii ya kunde. Vijani vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele, hivyo ukitafuta majani yake chini utadhani hakuna. Pangusa udongo kwa kidole utayaona. Maganda ni marefu na membamba, na mbegu bapa ya rangi nyekundu-kahawia imezungukwa na bawa la kuisafirisha kwa upepo.

*Mbula* (*Parinari excelsa*). Huu ni wa kwenye migongo ya vilima. Jani lake lina tumbo la kijivu kinachoelekea kahawia, kwa hiyo upepo ukivuma unaona taji lote likibadilika rangi. Chini utakuta kokwa ngumu. Mbula ni mwenyeji halali wa Usambara, lakini si wa Usambara peke yake, maana unaota hadi Afrika Magharibi. Ni vizuri kutenganisha hayo mawili mapema: miti mingi ya Amani ni ya asili, michache kati yake ndiyo isiyopatikana kwingine. Milima hii imepata unyevu wa bahari kwa muda mrefu sana, huku nyika kavu iliyoizunguka ikiitenga na misitu mingine, na katika kutengwa huko ndiko hiyo michache ilikozaliwa au ilikosalia.

*Mfimbo* (*Beilschmiedia kweo*) ni wa jamii ya mparachichi, na pua itakusaidia kuliko macho. *Mbarika* (*Isoberlinia scheffleri*) una maganda mapana magumu, na inashangaza kidogo kuwa ndugu zake wa karibu ni miti ya miombo huko bara. *Mkumba* (*Macaranga capensis*) si wa fahari, una majani makubwa na shina changa lenye miiba, lakini ujue, kwa sababu utauhitaji katika hatua inayofuata.

Ukifika kwenye miamba yenye kivuli na maji yanayotiririka, tazama nyufa. Maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya ndiyo mzazi wa yale yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka mbegu kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 yakapewa jina *Saintpaulia* kwa ukoo wake. Piga picha, using'oe hata jani.

7. Mtambue mgeni

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia kuona upi utalipa. Mingi ilibaki pale pale ilipopandwa. *Maesopsis eminii* haikubaki.

Kichekesho ni kwamba mti huu ni Mtanzania. Kwao ni Bukoba na kuendelea magharibi hadi Afrika ya Kati na Magharibi. Ni mgeni wa Usambara tu. Ulipofika ulikuta hondohondo na kima, ambao hula tunda lake na kuiangusha kokwa mbali. Kisha katika miaka ya 1970 na 1980 msitu ulivunwa kwa mashine, mapengo ya mwanga yakafunguka kila upande, na *Maesopsis* hupenda mwanga na hukua upesi. Ilijaza mapengo kabla wenyeji hawajajikusanya. Kazi ya kuziba pengo kwa asili ilikuwa ya mkumba na wenzake, ambao hukua, hufunika, kisha huwapisha akina mtambara.

Kuitambua ni rahisi ukizingatia hatua ya tano. Gome ni la kijivu hafifu lenye mifereji ya wima yenye kina, wakati mwingine imejisokota kidogo. Jani ni jembamba, linang'aa, na ukingo wake una meno butu. Tunda likiiva ni zambarau kuelekea nyeusi, na kokwa yake ngumu utaikanyaga njiani. Taji lake ni jepesi, hivyo chini yake kuna mwanga mwingi kuliko ulivyozoea hatua ishirini nyuma.

Ukishaijua, utaanza kuona historia ya mahali. *Maesopsis* nyingi za unene mmoja: hapa palikuwa wazi, wakati mmoja, na palikuwa na magogo yakiburutwa. Mkumba mwingi mwembamba: pengo jipya, pengine mti umeanguka juzi juzi. Mitambara minene, mbarika na misambu, na kiza chini yake: hapa mashine hazikufika. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mahali pa namna zote tatu, na usiridhike na mbili.

8. Vinavyouma, vinavyowasha, vinavyoteleza

Huu si msitu wa kuogopa tembo. Adui wako ni siafu: kila baada ya hatua chache tazama chini, na ukiona mstari wao ruka, usisimame kuutafakari. Kupe wapo kwenye nyasi za kando, ndiyo sababu ya soksi juu ya suruali. Nyoka wapo pia, wengine hukaa kimya juu ya matawi ya kimo cha mkono, basi usishike tawi bila kulitazama. Yapo majani ya kuwasha, na mwongozaji atakuonyesha. Miamba ya mtoni ikiwa na ukijani ichukulie imepakwa sabuni. Ukungu ukishuka, baki njiani hata kama umeona mti wa maana upande wa pili, na usitegemee simu kushika mtandao.

9. Piga picha za kutambulika

Picha ya mti mzima uliopigwa kutoka chini haimsaidii mtu yeyote kuutambua. Kwa kila mti piga kwa mpangilio ule ule: kitako pamoja na mtu wa kupimia ukubwa, gome kwa karibu, jani mgongo na tumbo, tunda au ganda kwenye kiganja, na taji mwisho. Kabla ya picha ya kwanza piga ukurasa wa daftari wenye jina, mahali na mwinuko, ili jioni usichanganye mti mmoja na mwingine. Programu za simu za kutambua mimea tumia kwa tahadhari. Miti ya bustani huipatia vizuri, lakini kwa mtambara au mfimbo huweza kukupa jina la mti wa bara jingine kwa ujasiri mkubwa. Mwamini mzee kwanza.

10. Bustani iwe ya mwisho

Watu huanza na bustani ya mimea ya Wajerumani kwa kuwa iko karibu na barabara. Wewe imalizie nayo. Ukianza nayo, jicho litazoea wageni na kuwachukua kuwa ndio Amani. Ukimaliza nayo, utashangaa jinsi mwenyeji anavyojitokeza katikati ya miti ya Asia na Amerika.

Fanya hivi: mwombe mwongozaji akuchagulie miti kumi, akae kimya. Wewe pita ukisema "mwenyeji" au "mgeni", na sababu yako ya kitako, gome, utomvu au jani la chini. Akishamaliza kukusahihisha, ile uliyoikosa irudie mmoja mmoja kabla hamjaachana, yeye akiwa bado yupo wa kuulizwa.